Ngano kwa mtoto wa miezi saba: nani alianza kuikataza?

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni, ingawa ishu yenyewe imeanzia kwa staa. Kuna mdada mmoja maarufu wa mjini, jina kapuni, aliposti kwamba mtoto asiguse ngano kabisa mpaka afikishe mwaka. Dada yangu akaisoma hiyo posti akiwa nyumbani kwetu Ndandalo, Kyela, kampakata binti yake wa miezi saba. Vita ikaanzia hapo.

Bibi alikuwa na kawaida ya kuloweka kipande cha andazi kwenye maziwa na kumlisha mjukuu wake. Dada akawa anakipokonya. Bibi naye kakasirika, kasusa: "Haya mama, mlishe wewe na simu yako." Kilichobaki ni uji wa mchele mwepesi na sukari, asubuhi na jioni, basi. Mtoto alipofikisha miezi tisa, mstari kwenye kadi ya kliniki ulikuwa umetoka kijani unashuka kwenye kijivu. Hapo ndo nikashtuka, nikaanza kuchimba historia ya hii sheria ya ngano.

Kwanza tuanze na nyumbani. Ngano haijawahi kuwa chakula cha Kyela. Huku chini ziwani, mita kama 475 tu kutoka usawa wa bahari, ni joto na maji: mpunga, ndizi, kakao. Ngano inataka baridi ya milimani, kama kule Njombe. Wanyakyusa wa zamani walikuwa watu wa migomba na ng'ombe, kwa hiyo ndizi na maziwa vilikuwepo kabla andazi halijajulikana. Andazi na chapati vimekuja na unga wa dukani. Kwa hiyo Bibi mwenyewe anatetea kitu ambacho mama wa bibi yake hakukijua!

Sasa cheki hii. Zamani huko Ulaya ngano haikukatazwa kwa watoto, iliuzwa kama dawa yao. Mwaka 1867, mfamasia Henri Nestlé aliyekuwa anaishi Vevey, Uswisi, alitengeneza unga wa maziwa, sukari na ngano kwa ajili ya vichanga ambao hawanyonyi. Biashara ikakua mpaka vyakula vya watoto vya makopo vikafika Afrika, na matangazo yake yakawafanya akina mama wengi waone maziwa yao wenyewe hayatoshi. Maji ya kukorogea hayakuwa safi, kopo ni ghali, watu wanazimua. Watoto wakaumia. Kelele zikawa nyingi, mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kugomea bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kubana matangazo ya maziwa mbadala.

Woga wa ngano una historia yake pia. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali. Mkate ukapotea. Daktari wa watoto, Willem Dicke, ambaye tangu kabla alikuwa anaishuku ngano, akaona ajabu: wagonjwa wake fulani, waliokuwa wanaharisha na kukonda miaka yote, wakapata nafuu wakati wengine wanakufa njaa. Mkate uliporudi, wakaanza kuumwa upya. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu jambo hilo. Ndo ugonjwa wa siliaki huo, ambapo mwili unashindwana na gluteni, protini ya kwenye ngano, shayiri na rai.

Miaka ya baadaye wazazi wa Ulaya wakawa wanashauriwa kuchelewesha ngano. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani wakaongeza ukali: mtoto wa familia yenye mzio asubiri mayai mpaka miaka miwili, karanga na samaki mpaka mitatu. Mwaka 2008 wakarudi nyuma wenyewe, ushahidi haukutosha. Mwaka 2014 utafiti wa Ulaya ukaonyesha kuchelewesha gluteni ndani ya mwaka wa kwanza hakumkingi mtoto na siliaki. Mwaka 2015 utafiti wa London, watoto zaidi ya 600, ukaonyesha watoto waliokuwa kwenye hatari ya mzio wakianza karanga mapema, mzio wa karanga unapungua kwa kama asilimia 80. Yaani yule mdada wa mjini anatuuzia ushauri ambao wenye nao walishauacha.

Na kwetu tatizo lilikuwa lingine kabisa. Miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, aliueleza ulimwengu kuhusu kwashakoo. Jina kalichukua kwa Waga wa huko: ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake akizaliwa. Anabaki na uji mtupu. Tanzania ikaunda Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na miaka ya 1980 wataalamu wetu wakaonyesha maajabu ya kimea: nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kijiko kidogo tu kinalainisha uji mzito. Mtoto anameza chakula badala ya kumeza maji. Kule Iringa, mradi wa lishe ulioanza 1983 ulihimiza watoto wapimwe uzito na walishwe mara nyingi kwa siku, kwa sababu tumbo lao ni dogo.

Hiyo ndo ilikuwa shida ya mpwa wangu. Uji mwepesi, mara mbili, bila kitu ndani. Sisi tunagombana kuhusu andazi huku mtoto ana njaa.

Nesi wa kliniki hakumsema mtu. Aliwaambia wote wawili: mpaka miezi sita ziwa tu, baada ya hapo ziwa liendelee na chakula kianze. Umri huu mara tatu au nne kwa siku. Uji mzito, usipa wa kusaga, karanga zisizo na ukungu zilizosagwa laini, yai, ndizi, parachichi. Chapati laini ruksa, ila isiwe ndo mlo. Chakula kipya anza na kidogo. Ukiona vipele, uvimbe, kutapika au kuharisha kusikoisha, rudi kliniki. Asali ndo isubiri mwaka.

Bibi akacheka: "Si ndizi na maziwa tulizolelewa nazo!" Dada akanyamaza. Siku hizi Bibi anasaga usipa, dada analisha, na mstari umerudi kwenye kijani.

Wewe kwenu mlianza na nini? Shuka kwenye komenti.