Kitabu cha Kazi Moja na Kitabu cha Kazi Nyingi

Siku hizi mzazi wa Kisangani akitaka kumnunulia mwanawe kitu cha kusomea, huonyeshwa vyombo viwili. Vyote viwili ni bapa kama kibao cha shule, na vyote hubeba vitabu mamia kwa mamia. Cha kwanza ni chombo cha kusomea tu, na kilicho mashuhuri kati ya vya namna hiyo ni Kindle. Cha pili ni tableti, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kishikwambi. Tableti husomwa, huandikiwa, huonyesha picha zinazotembea, hupiga muziki, huleta barua na michezo. Fedha zilizopo zatosha kimoja tu. Basi, achague kipi?

Wengi hudhani swali hili limezaliwa juzi. Sivyo. Ni swali la kale: je, kitabu kifanye kazi moja au kazi nyingi? Kanisa limekutana nalo zaidi ya mara moja, na kila mara lilijibu kwa kutazama kwanza ni nani anayesoma, na anasoma wapi. Tufuate habari hizo tangu mwanzo, kisha turudi kwa mzazi wetu.

GOMBO NA KITABU

Bwana wetu Yesu Kristu aliposimama kusoma katika sinagogi la Nazareti, hakupewa kitabu chenye kurasa kama vyetu. Alipewa gombo la nabii Isaya, yaani ukanda mrefu uliokunjwa kwa kuviringishwa. Gombo lilikuwa jambo la heshima, lakini lilikuwa na taabu zake. Kwa kawaida liliandikwa upande mmoja tu. Mwenye kutafuta maneno ya mwisho alilazimika kulikunjua lote. Tena gombo moja halikuweza kubeba maandiko mengi.

Wakristu wa kwanza wakashika njia nyingine. Walichukua karatasi za mafunjo au ngozi, wakazikunja katikati, wakazishona pamoja. Ndicho kitabu tunachokijua. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, alimwomba amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu pia, hasa vile vya ngozi. Wataalamu wengine hudhani kwamba hivyo vya ngozi vilikuwa tayari vya namna hii mpya. Katika karne ya 2 na ya 3 wapagani waliendelea kupenda magombo, lakini Wakristu karibu wote waliandika maneno ya Mungu katika vitabu vya kurasa. Kati ya mafunjo ya Chester Beatty yaliyopatikana Misri, kuna kitabu cha karne ya 3 kilichokuwa na Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume. Hakuna gombo ambalo lingeyabeba yote hayo. Mhubiri aliweza kufungua popote, akalinganisha Mateo na Luka, kisha akatia kitabu mfukoni akaenda zake.

KITABU CHA MSAFIRI

Miaka mingi ikapita. Katika monasteri za Ulaya sala za saa za mchana na usiku zilihitaji vitabu vingi: kimoja cha Zaburi, kimoja cha masomo, kimoja cha nyimbo, kimoja cha antifona. Wamonaki hawakuona shida, maana waliishi mahali pamoja na vitabu vyao vilikaa palepale. Kila mmoja alisimama mahali pake, mwimbaji na kitabu chake, msomaji na chake.

Shida ilikuwa kwa padre wa safari. Ndipo, tangu karne ya 11 hivi, watu wakaanza kukusanya sala hizo zote katika kitabu kimoja, kikaitwa breviari, maana yake ni kilichofupishwa. Waliokieneza zaidi ni wana wa Mt. Fransisko wa Asizi, waliotembea kwa miguu mji hata mji. Kanuni yao ya mwaka 1223 yenyewe yataja breviari. Misale nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Sala za padre, masomo na nyimbo, ambazo zamani zilikuwa katika vitabu mbalimbali, zikawekwa pamoja ili padre aliye peke yake aweze kuadhimisha Misa popote. Baba Mtakatifu Pius V alitoa Breviari ya Roma mwaka 1568, na Misale mwaka 1570. Hivyo vilikuwa vitabu vya kazi nyingi.

Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili, Kanisa liligawanya tena kile lilichokuwa limekiunganisha. Mwaka 1969 ulitolewa mpango mpya wa masomo, ule wa miaka mitatu kwa Dominika. Masomo yakapewa kitabu chake, na sala za altare zikabaki katika Misale. Kwa nini? Kwa sababu msomaji alipewa tena kazi yake, na waamini walitakiwa kuketi na kulisikiliza Neno lililo tele kuliko awali. Kitabu cha kazi moja kikarudi mahali pake.

Hapa pana fundisho. Kitabu cha kazi nyingi kilizaliwa kwa ajili ya msafiri na mwenye kazi nyingi. Kitabu cha kazi moja kinamfaa aketiye na kusikiliza. Kanisa halikusema kimoja ni chema na kingine ni kibaya.

SANDUKU LA VITABU MPAKA KISANGANI

Mji wetu umeyaona hayo kwa macho yake. Kabla ya misioni, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waungwana walikuwa wamekwisha kuleta Kiswahili hapa kwenye maporomoko ya maji. Tippu Tip mwenyewe alifanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Waliojua kusoma kati yao walisoma Kurani, na Kiswahili walikiandika kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 1897 akafika Padre Gabriel Grison wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, lile lililoanzishwa na Padre Leo Dehon huko Ufaransa. Akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1908 aliwekwa kuwa Vikario wa Kitume wa kwanza, na mwaka 1959 Kisangani, iliyoitwa wakati huo Stanleyville, ikawa Jimbo Kuu. Kila kitabu cha misioni kilipanda mto kwa meli, safari ya kilomita 1,700 hivi kutoka Kinshasa, katika unyevu na mchwa. Padre aliyekwenda vijijini kwa mtumbwi hakuweza kubeba kabati la vitabu. Alibeba breviari na vitu vya Misa. Yeye naye alikuwa msafiri, kama wale wana wa Mt. Fransisko.

Tena mji huu umepigwa na dhoruba. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, misioni nyingi za pande hizi ziliporwa, na wamisionari wengi waliuawa. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana mjini kwa siku sita. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mji, na mamia ya raia walikufa. Hata kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari liliumizwa. Mtu akikimbia na watoto mgongoni hachukui sanduku la vitabu. Chombo kidogo chenye vitabu mia tano angekichukua. Lakini tuseme na upande wa pili: mporaji hana haja na Misale ya karatasi, huitupa chini, na mwenyewe akirudi aweza kuiokota. Tableti ndiyo kitu cha kwanza anachokitafuta.

VYOMBO VIWILI VIPYA

Chombo cha kusomea kinatumia wino wa umeme. Kiooni mwake mna vijifuko vidogo kuliko punje ya mchanga, na ndani yake chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, chembe nyeusi hupanda au hushuka, na herufi hutokea. Zikishatokea, hukaa hapo bila kutumia umeme tena, mpaka ukurasa ugeuzwe. Kwa hiyo chombo hicho hukaa majuma kadhaa bila kuchajiwa, nacho husomeka juani kama karatasi. Tableti yenyewe huwaka kwa nuru kutoka ndani. Hupendeza kwa rangi, lakini juani haisomeki vizuri, na baada ya saa kumi hivi za kazi huzimika.

Kampuni ya Sony ilianza kuuza chombo cha wino wa umeme nchini Japani mwaka 2004. Kilikuwa na kasoro moja kubwa: kitabu ulichokilipia kilifungwa baada ya siku 60. Kindle ya kampuni ya Amazon ilitoka Marekani mwezi wa Novemba 2007, kwa dola 399. Tableti ya iPad ilifuata mwaka 2010, kwa dola 499. Tangu siku hizo bei zimeshuka sana.

Jambo moja lakumbukwa. Mwezi wa Julai 2009 Amazon iliwauzia watu vitabu fulani vya George Orwell, kisha ikagundua kwamba aliyevitoa hakuwa na haki. Ikavifuta kutoka mbali, ndani ya Kindle za watu waliokwisha kulipa. Fedha zilirudishwa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini watu waliona kwamba kitabu kilicho ndani ya chombo si sawa na kitabu kilicho juu ya rafu. Cha rafuni hakuna mwenye kukiondoa usiku pasipo kufungua mlango.

YALIYOONEKANA GHANA NA TANGA

Afrika imevijaribu vyote viwili. Mwaka 2010 lilianzishwa shirika la Worldreader, nalo likapeleka Kindle katika shule za Ghana, kisha Kenya. Watoto walipata vitabu wasivyopata kuviona. Lakini katika jaribio la kwanza la Ghana, vyombo 40 hivi katika kila 100 viliharibika, hasa vioo. Baadaye vilitafutiwa maganda ya kuvikinga, na shirika lenyewe likageukia pia simu za mkononi, kwa sababu watu walikuwa nazo tayari.

Kwa tableti, mfano ulio karibu nasi kwa lugha ni ule wa mkoa wa Tanga, Tanzania. Tangu mwisho wa mwaka 2017 hadi 2019, katika shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 hivi walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili. Zilichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya hapo, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Tuangalie sababu. Watoto wale hawakujua kusoma. Kwao chombo chenye herufi tupu kingekuwa bubu. Walihitaji sauti, picha na mchezo, na tableti ikavitoa. Tena masomo yalikuwa kwa lugha ambayo shule zao hufundishia. Kama yangekuwa kwa Kiingereza, tableti ileile ingefaa nini?

TUCHAGUE KIPI?

Sasa turudi kwa mzazi wetu. Kama msomaji amekwisha kujua kusoma, na anapenda vitabu virefu, na umeme nyumbani kwake hukatika, chombo cha kusomea kitamfaa zaidi. Sisi wa Kisangani twajua habari za umeme wa bwawa la Tshopo: ulijengwa zama za Wabelgiji, na mitambo yake imechoka. Chombo kinachokaa majuma mawili bila moto ni neema. Tena hakina mchezo wala picha za kumwita kijana pembeni, na mtu wa leo ana hazina gani kubwa kuliko saa moja ya utulivu?

Kama ni katekista anayefundisha watoto, au mwanafunzi wa udaktari anayehitaji picha za rangi, au wa Chuo Kikuu ambaye masomo yake ni kurasa kubwa zilizopigwa picha, achukue tableti. Katika kioo kidogo cha Kindle kurasa za namna hiyo huonekana herufi ndogo kama chawa, naye atajuta.

Na kwa altare je? Mwaka 2008 Padre Paolo Padrini wa Italia alitoa breviari ya simu, iitwayo iBreviary, na mapadre wengi wa safari huitumia. Lakini mwaka 2012 Maaskofu wa New Zealand waliwaagiza mapadre wao wasisome Misa kutoka kwenye tableti, bali kutoka Misale iliyopigwa chapa. Sababu yao yaeleweka na kila mmoja wetu: tableti hutumika kwa mambo mengi, ya michezo na ya biashara, na kitu cha altare kinapaswa kutengwa kwa ajili ya altare tu. Ni fundisho lilelile tuliloliona. Njiani, kitabu cha kazi nyingi. Mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya iliyoketi, kitabu cha kazi moja.

Kabla ya kutoa fedha, mzazi aulize mambo matatu. Vitabu anavyovihitaji mwanawe vinapatikana kwa chombo hiki, tena kwa lugha anayoielewa? Vinaweza kuingizwa kwa waya kutoka kompyuta ya parokia, bila intaneti? Kikivunjika, yuko fundi mjini? Akipata jibu baya kwa swali la kwanza, asinunue chochote. Afadhali fedha hizo zinunue Biblia, kamusi na vitabu vya shule vya karatasi, ambavyo mdogo wake naye atavirithi.