Mikimbio 158 na Bado Jina Lako Haliko: Kesi ya Basil D'Oliveira

Wadau, kila mara kikosi cha Harambee Stars kikitangazwa mnajua kinachofuata. Simu zinawaka moto. Huyu ameachwa kwa nini, yule ameitwa kwa sababu anamjua nani, kocha ana mpango ama anabahatisha tu. Nami nimo humo, sijifanyi. Lakini kuna ubishi mmoja wa uteuzi ambao nikiwasimulia wasee wa rika langu wanadhani nimetunga. Ulianza kama ubishi wa kawaida wa mashabiki, ukaishia na nchi nzima kufungiwa nje ya mchezo kwa miaka 22. Na mchezo wenyewe ni kriketi. Tulia, usiondoke bado.

Kama kriketi imekupita, jua hili moja: mechi ya testi huchezwa siku tano. Kuna mapumziko ya chakula cha mchana, kuna ya chai, mvua nayo ikija watu wanangoja. Kwa hivyo shabiki ana masaa mengi sana ya kubishana. Nani arushe mpira kutoka upande gani, wadakaji wakae karibu ama mbali, huyu mpigaji anafanya nini kwenye timu. Ubishi ni nusu ya kiingilio.

Sasa twende London, uwanja wa The Oval, Agosti 1968. Uingereza na Australia wanacheza testi ya tano na ya mwisho. Australia inaongoza 1-0. Na kwenye kikosi cha Uingereza kuna jamaa anayeitwa Basil D'Oliveira, ambaye siku chache kabla hakuwa kwenye hesabu.

Basil alizaliwa Cape Town. Serikali ya Makaburu ilimweka kwenye kundi la machotara, maana yake hata angekuwa mkali namna gani, timu ya taifa lake ilikuwa ya wazungu tu. Alikuwa nahodha wa timu ya wachezaji wasio wazungu, na mwaka wa 1958 aliileta kuzuru Afrika Mashariki, hapa Kenya ikiwemo. Fikiria hilo. Mtu wa kiwango cha testi amekanyaga viwanja vyetu, na kwao hakuna mteuzi hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kulitaja jina lake. Akaanza kumwandikia barua John Arlott, mtangazaji maarufu wa kriketi wa BBC, akiomba amtafutie nafasi Uingereza. Mwaka wa 1960 akapata klabu ndogo, Middleton, kule Lancashire. Kufikia 1966 alikuwa anaichezea timu ya taifa ya Uingereza. Umri wake alikuwa ameupunguza miaka kadhaa (wachezaji wetu hawakuvumbua huo mchezo), akiogopa kwamba wakijua ukweli watamwona mzee.

Turudi 1968. Kwenye testi ya kwanza, Old Trafford, Uingereza ilipigwa, lakini Basil alimaliza zamu ya pili na mikimbio 87 bila kutolewa. Hakuna mwenzake aliyefikisha hiyo. Testi ya pili, akaachwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na nataka tuutendee haki, kwa sababu hoja za kumwacha zilikuwepo. Ziara ya West Indies mwanzoni mwa mwaka huo ilimwendea vibaya, bat ilikuwa kimya na wiketi alipata chache. Urushaji wake ulikuwa wa kasi ya wastani, mpira ambao mpigaji mzuri anauona ukija kutoka mbali. Ukitaka mrushaji kamili, kulikuwa na wengine. Ukitaka mpigaji, foleni ilikuwa ndefu. Shabiki mwenye akili timamu angeweza kusema aachwe, na asiwe mbaguzi.

Halafu Roger Prideaux akaugua kabla ya The Oval, Basil akaitwa kujaza nafasi. Alipofikisha mikimbio 31, Barry Jarman, mlinda wiketi wa Australia, alipata nafasi ya kumdaka akauangusha mpira. Kosa dogo la mikono. Basil akaendelea hadi 158. Alisimulia baadaye kwamba alipofikisha mia, mwamuzi Charlie Elliott alimpongeza huku akimwambia kwamba sasa amewatia watu kwenye shida. Kila mtu uwanjani alijua shida gani. Baada ya mechi hiyo wateuzi wangetaja kikosi cha kuzuru Afrika Kusini.

Siku ya mwisho ndiyo mimi ninayoipenda zaidi. Australia imebakiza wiketi tano, mvua kubwa inashuka wakati wa chakula cha mchana, uwanja unageuka kidimbwi. Mashabiki wakaingia wenyewe kusaidia kukausha maji. Mechi ikarudi saa kumi na moja kasorobo, imebaki saa moja na robo. Jarman huyo huyo na mwenzake John Inverarity wakaziba, wakaziba, mpira baada ya mpira, dakika zinayoyoma. Nahodha Colin Cowdrey anabadilisha warushaji na hakuna kinachoingia. Basi akampa mpira Basil, yule mnayesema harushi cha maana. Ova ya pili, akamtoa Jarman. Cowdrey hapo hapo akamrudisha Derek Underwood, uwanja uliokuwa unakauka ukaanza kumsaidia, na nne za mwisho zote akazimaliza yeye huku timu nzima imemzingira mpigaji kama watu wanaogawana sukumawiki. Zilibaki dakika chache tu. Mfululizo ukaisha 1-1.

Usiku huo huo wateuzi waliketi mpaka saa nane za usiku. Kesho yake orodha ikasomwa redioni. Basil alikuwa Worcester, ametoka kupiga karne nyingine kwa klabu yake, anasikiliza na wenzake. Majina yakaisha. Lake halikuwepo.

Maelezo ya mwenyekiti wa wateuzi, Doug Insole, yalikuwa kwamba kwa ziara ya ng'ambo walimhesabu Basil kama mpigaji, si mtu wa pande zote mbili, na wapigaji bora kumliko walikuwepo. Kuna mashabiki waliokubali. Walisema mbona hata Colin Milburn ameachwa, na huyo ni mzungu mwenye bat nzito? Ukiisoma leo bado inaonekana ni hoja ya michezo kabisa.

Ila wengi waliobishana hawakujua yaliyokuwa yameshapita chini ya meza. Mwezi wa tatu mwaka huo, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, alikuwa amemweleza Lord Cobham, mtu mkubwa wa klabu ya MCC iliyosimamia ziara hizo, kwamba Basil akiwemo ziara haitakuwepo. Ujumbe ukafika kwa wakubwa wachache wa MCC, nao wakaukalia. Na kabla ya The Oval, Basil mwenyewe alikuwa ameahidiwa kazi ya ukocha Afrika Kusini, pauni 4,000 kwa mwaka, mradi aseme mapema kwamba haendi kwenye ziara. Alikataa.

Mimi siwezi kuapa kwamba kila mteuzi alipiga kura kwa woga. Lakini chumba ambacho watu kadhaa wanajua siri kama hiyo na wengine hawajui hakiwezi kujadili fomu ya mchezaji kwa haki. Mnabishana kuhusu kasi ya mpira, kumbe kuna mtu mezani ana tikiti ya ndege akilini.

Na tazama kilichofuata. Katikati ya Septemba, Tom Cartwright akajitoa kwa jeraha la bega, na nafasi yake akapewa Basil. Cartwright alikuwa mrushaji! Wiki tatu tu nyuma Basil alikuwa mpigaji asiyehesabika kama mrushaji. Kelele za umma zilikuwa zimefanya kazi ambayo mikimbio 158 haikuifanya. Vorster akasimama Bloemfontein kutangaza kwamba hiyo si timu ya MCC, ni timu ya wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Tarehe 24 Septemba ziara ikafutwa.

Ziara ya Afrika Kusini kwenda Uingereza mwaka wa 1970 nayo ikafutwa. Hawakucheza testi nyingine rasmi mpaka 1992. Watu hupenda kumlilia Barry Richards, mpigaji wa ajabu aliyeambulia testi nne tu maishani. Sawa, tumlilie. Ila yeye alipata nne. Wale waliosafiri na Basil kuja huku 1958 hawakupata hata moja, na wengi wao majina yao huyajui. Nani anawalilia?

Sisi pia tulikuja kuonja. Mwaka wa 1976 Kenya ilisusia Olimpiki za Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza na Makaburu na bado ikaruhusiwa kuwa na wanariadha pale. Mike Boit alikuwa kwenye ubora wake wa mita 800. Alibaki nje.

Na yule Milburn? Baada ya Afrika Kusini kufutwa, Uingereza ilipelekwa Ceylon na Pakistan mwanzoni mwa 1969. Basil akapiga 114 bila kutolewa kule Dhaka. Milburn naye akaitwa baadaye, akafika Karachi, akapiga 139. Walioachwa wote wawili, karne mbili. Mechi ya Karachi haikumalizika, ghasia zilivamia uwanja, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.