Jina Alilolisahau Bakhita

Katika shule nyingine za Kikatoliki kila mwanafunzi huchagua mtakatifu, akachunguza habari zake, kisha akasimama mbele ya wenzake akasema kana kwamba ndiye yeye. Haya, tuseme umemchagua Josephine Bakhita. Utaanza na jina, na hapo hapo utakwama.

Alizaliwa Darfur, nchi ya Sudan, yapata mwaka 1869. Alipotekwa na wafanya biashara ya watumwa, hofu ilimsahaulisha jina alilopewa na wazazi wake. Wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Bahati gani hiyo! Mke wa jemadari mmoja wa Kituruki aliamuru achanjwe chale mwilini, zikatiwa chumvi. Basi usimtungie jina lingine. Sema tu, "Jina langu nimelisahau," unyamaze kidogo.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia. Huko bibi aliyemtumikia alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alikataa. Shauri likafika mahakamani Venice, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Hapo paza sauti. Baadaye akawa mtawa. Alifariki Schio mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000.