Siki na mtihani wa macho

Wadau, leo tuache kidogo stori za bumu tuongelee historia ya siki. Ndiyo, ile ile ya kwenye kachumbari!

Miaka ya 1920 daktari Mjerumani, Hans Hinselmann, alitengeneza kifaa cha kukuzia mlango wa kizazi. Katika kazi hiyo ikajulikana kuwa ukipaka asidi ya siki iliyozimuliwa, sehemu yenye chembe zilizoharibika hugeuka nyeupe. Lakini dunia ikafuata njia ya Papanicolaou: chembe zichukuliwe, zisomwe kwa hadubini. Nchi tajiri zikafaulu. Kwetu Afrika maabara chache, majibu yanachelewa, mama wa watu anaambiwa arudi na ndo harudi tena.

Ndipo Zimbabwe wakajaribu siki na macho matupu, wapimaji wakiwa wakunga. Majibu yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999. Sasa sisi walimu watarajiwa tunajua mtihani hukosea kwa njia mbili: kumpasisha asiyejua na kumfelisha anayejua. Kati ya wanawake 100 wenye mabadiliko ya hatari yanayotangulia saratani, siki iliwaona kama 77, kipimo cha Pap 44 tu. Lakini kati ya 100 wasio nayo, siki iliwafelisha kama 36, Pap 9 tu. Hao 36 ni watu jamani, wanaolala na hofu au kutibiwa bure.

Je, kipimo cha hivyo kinaokoa? Huko Dindigul, India, matokeo ya 2007 yalionyesha vifo vimepungua kwa 35%. Osmanabad, nchi hiyo hiyo, mwaka 2009, siki haikuonyesha tofauti ya uhakika, ila kipimo cha virusi vya HPV kilipunguza vifo karibu nusu. Jicho linategemea mwenye jicho, alivyofundishwa na anavyosimamiwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza.

Mimi naona siki haikushinda kwa kuona vizuri kuliko vyote. Ilishinda kwa kutoa jibu siku ile ile, mama akiwa bado yupo kituoni. Kwa hiyo dada zangu, ukiambiwa kuna weupe, hiyo siyo hukumu ya saratani. Ukiambiwa uko safi, bado urudi tarehe utakayopangiwa. Na kama kituo kina kipimo cha HPV, omba hicho.