Nyumba Nyepesi Barabarani: Historia ya Tela la Familia yenye Gari Dogo

Mwaka 1885 kiwanda kimoja cha mabehewa mjini Bristol, Uingereza, kilimkabidhi Dakta William Gordon Stables nyumba ya magurudumu aliyoipa jina Wanderer. Stables alikuwa Mskoti, daktari mstaafu wa jeshi la majini na mwandishi wa hadithi za vijana. Kabla yake watu waliishi ndani ya magari ya kukokotwa kwa sababu ya kazi au dhiki. Yeye aliagiza lake kwa ajili ya burudani tu. Mbao zilikuwa za mkangazi, vitabu vilikuwa na rafu zake, na uzito wote ulikaribia tani 2. Farasi wawili waliikokota kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness, Uskoti. Kila walipofika mlimani, farasi ndio walioamua safari iende kwa mwendo gani.

Tangu hapo watengenezaji wa nyumba za kuvutwa wamekuwa wakishindana na uzito. Kila familia za kawaida zilipopata chombo kidogo cha kuvutia, mafundi walilazimika kufikiri upya, na mawazo yao bora yalizaliwa katika ufinyu huo. Ndiyo maana mwenye gari dogo anayetaka kuwapeleka watoto wake kambini leo hana haja ya kujiona mnyonge. Sehemu kubwa ya historia hii imeundwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Farasi walipoipisha injini, kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza mwaka 1919 kuunda matela ya makazi ya kuvutwa na motokaa. Yalikuwa mazito na ya bei kali, nayo yaliwafaa wenye magari makubwa. Nchini Ujerumani, mwaka 1931, Arist Dethleffs alikuwa akisafiri sana kuuza mijeledi na fimbo za kutelezea thelujini zilizotoka katika kiwanda cha familia yake. Mchumba wake Fridel, msanii wa uchoraji, hakutaka kuachwa nyuma. Dethleffs alijenga tela la kulala ili waende pamoja. Tela la familia ya Kijerumani lilianza hivyo, kwa watu wawili waliokataa kutenganishwa na safari za kazi.

Marekani ilichangia elimu ya anga. Hawley Bowlus alikuwa mjenzi wa nyiririko, ndege zisizo na injini, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa ndege ambayo Charles Lindbergh alivukia bahari ya Atlantiki mwaka 1927. Mwaka 1934 alitoa tela la alumini lenye umbo la kupenya upepo. Miaka hiyo hiyo mafundi wa nyumbani walianza kujiundia matela madogo yenye umbo la tone la machozi: kitanda cha watu wawili ndani, jiko nyuma chini ya mfuniko wa kuinuliwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia magazeti ya ufundi yalichapisha michoro yake, na mtu mwenye msumeno na subira aliweza kujitengenezea lake uani kwake.

Wapo waliokwenda njia ya ukubwa. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya alumini kutoka Cape Town kwenda Cairo, na Mfalme Haile Selassie aliupokea nchini Ethiopia. Ulikuwa ushujaa wa kweli katika barabara ngumu mno, lakini matela yale yalivutwa na malori madogo yenye nguvu. Somo lake halimsaidii sana mwenye injini ya lita moja.

Somo la kumsaidia lilikuwa likiandikwa Ulaya. Erich Bachem, mhandisi aliyesanifu ndege ya roketi ya Natter wakati wa vita, aliungana na Erwin Hymer katika mji wa Bad Waldsee, na kuanzia mwaka 1957 wakaunda matela ya Eriba. Yalikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma, na paa lililoshushwa safarini na kuinuliwa kambini. Bachem alijua kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Huko Mayenne, Ufaransa, seremala Constant Rousseau alianzisha Rapido mwaka 1961 kwa wazo lililofanana na hilo: tela lenye kuta ngumu, linalokunjwa likawa kama sanduku bapa.

Upande wa mashariki uhaba ulizaa ustadi zaidi. Trabant 601 ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na nguvu za farasi 26 na uzito wa karibu kilo 600. Kwa ajili yake kuliundwa Qek Junior, tela la faibaglasi ambalo likiwa tupu lilikaribia kilo 300, pamoja na matela ya hema yaliyofunuliwa juu ya nyasi yakawa vyumba vya familia nzima. Poland ilikuwa na Niewiadów N126, iliyopewa namba ya kigari kilichokusudiwa kuivuta, Fiat 126. Vyaelea, vimeundwa.

Kanada nako, mwaka 1968, Ray Olecko wa Winnipeg, aliyewahi kubuni tangi la maji machafu la faibaglasi, alitumia maarifa hayo kuunda Boler. Maganda mawili yaliunganishwa yakawa kama yai, bila viungo vingi vya kupitisha mvua, na likiwa tupu halikufika kilo 500.

Urithi huu ndio unaomwonyesha mnunuzi wa leo pa kuanzia: gari lake mwenyewe. Kitabu cha gari hutaja uzito wa tela lisilo na breki, wa tela lenye breki, na wa gari na tela kwa pamoja vikiwa na watu na mizigo. Namba hii ya tatu husahaulika. Wazazi wawili, watoto watatu na mabegi yao hufikia kilo 300 kwa urahisi, na kilo hizo hupunguza kile kinachoweza kuvutwa. Kitabu kikikataza kuvuta, fundi wa kuchomelea hawezi kuligeuza katazo hilo kwa kufunga kiungio nyuma. Ulaya, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750, na kwa gari dogo kikomo huwa chini zaidi ya hapo.

Ukishazijua namba, chaguo hujipanga. Nafasi ikiwa finyu kabisa, tela dogo la mizigo linalobeba hema la kawaida linatosha, na watoto wanapata nafasi ya miguu garini. Tela la hema huwapa watu wanne au zaidi vitanda vilivyoinuka juu ya tope, ila turubai lazima likauke kabla ya kuhifadhiwa. Tone la machozi ni zuri kwa wazazi, huku watoto wakilala katika hema kando. Tela la yai, au lenye paa la kuinuliwa, linafaa pale tu gari linaporuhusiwa kulivuta likiwa limejaa.

Upakiaji nao usipuuzwe. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli. Ushauri wa Uingereza ni kwamba asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela ilalie kiungio, mradi isizidi kikomo cha gari. Mkia ukiwa mzito tela huanza kuyumba, na dereva anapaswa kuachia mafuta taratibu bila kukata usukani. Lita 40 za maji ni kilo 40, yajazwe mkifika.

Wauzaji watamwonyesha baba au mama makabati mengi, bafu na jiko la mioto minne. Vinapendeza, lakini familia za Trabant na Fiat 126 zilifika ziwani na baharini bila hivyo, zikala pamoja na kulala pakavu. Hizo ndizo zilizoifanya kambi ya familia kuwa haki ya mfanyakazi wa kawaida, baada ya kuanza kama anasa ya daktari mwenye farasi wawili na watumishi. Anayelipima gari lake kwanza, akawahesabu watu wake, kisha akachagua tela, anaitumia haki hiyo kwa busara, na anawafikisha watoto wake salama.