Ekari Moja Chini ya Boneti

Binamu yangu wa Kililana anataka tabo kubwa. Ana Subaru Impreza ya zamani, yenye sauti ya kuamsha punda wote wa Mokowe, na bado haimtoshi.

"Nduyangu, gari limechoka. Nataka livute."

Hilo si gari tu. Kililana ndiko serikali ilikochukua mashamba kujenga Bandari ya Lamu, na fidia ikapangwa kuwa shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Babu alipolipwa aligawia watoto na wajukuu. Fungu la binamu likawa Subaru. Kwa hiyo akifungua boneti, mimi naona miembe ya babu. Injini ikifa, shamba limekufa mara ya pili.

Aliponiuliza aanze na nini, nilimpa hadithi ya 1964.

Mwaka huo Wamarekani walileta Mercury Comet kwenye East African Safari. Zilikuwa na injini ya V8 ya lita 4.7, na kabla ya hapo Comet zilikuwa zimezunguka uwanja wa Daytona maili 100,000. Nani angezishika? Lakini Daytona ni lami tupu. Huku mashindano yalikuwa ya Pasaka, msimu wa masika, matope mpaka milangoni. Comet mbili tu zilimaliza, tena nyuma kabisa. Aliyeshinda ni Peter Hughes, na Ford Cortina GT ya lita 1.5.

Mwaka uliofuata, 1965, akaja Joginder Singh na nduguye Jaswant. Walikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, umbo la kizamani, hakuna wa kuigeuzia shingo. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua kila nati ya gari lake. Wakashinda. Baadaye akashinda tena 1974 na 1976, na Mitsubishi Lancer.

Hao hawakudharau nguvu. Walijua tu kwamba nguvu ina wadai wake. Tabo inasukuma hewa zaidi, hewa inadai petroli zaidi, petroli inaleta joto, joto linakula gasketi. Nguvu inayobaki inaishia kwenye klachi. Ukishapita hapo unafika kwa breki, na breki ndizo zinazokutana na punda anayevuka barabara usiku.

Binamu akacheka. "Wewe ni wa vitabu." Tukaenda kwa fundi, tukakubaliana yeye ndiye hakimu.

Fundi hakugusa boneti. Aliinua gari, akatoa tairi la mbele, akatuita. Pedi ya breki ilikuwa imeisha, chuma kinasaga chuma. Shoki moja ilikuwa inavuja mafuta. Akamtazama binamu.

"Mwanangu, ukitia tabo juu ya hizi, mimi sitakulaumu. Nitakuja matangani tu."

Kimya. Binamu alihesabu pesa zake mara mbili, kama vile zingeongezeka. Zikaenda kwa pedi, diski, shoki nne na matairi mawili. Tabo ikabaki kwenye simu yake, picha anayoifungua kila jioni.

Wiki iliyofuata alinipeleka Hindi. Mbuzi akaruka barabarani, binamu akakanyaga, gari likasimama limenyooka. Mbuzi akaenda zake. Binamu hakusema neno mpaka tulipofika.

"Sawa," akasema. "Lakini mwakani natia tabo."

Nikamwambia mwakani tutaanza na klachi.