Wahamaji Waliolowea

Palikuwapo huko Cold Spring Harbor, katika jimbo la New York, bibi mmoja mtaalamu aitwaye Barbara McClintock, ambaye tangu mwaka 1944 alishinda baina ya shamba la mahindi na darubini yake, akitafuta sababu ya punje za gunzi moja kutoka na madoadoa ya rangi yasiyofuata kanuni zilizojulikana. Na baada ya miaka ya subira akahakikisha kwamba ndani ya kromosomu vimo vipande vya urithi visivyotulia, ambavyo hung'oka mahali pao vikajipachika kwingine, na vikitua ndani ya jeni ya rangi huizima, vikiondoka rangi hurejea. Alipoyaeleza hayo mbele ya wenziwe mwaka 1951, wengi walimsikiliza kwa mashaka, kwani itikadi yao ilikuwa kwamba jeni zimetungwa mithili ya shanga uzini, kila moja na makazi yake ya daima. Insafu ilimfikia mwaka 1983, alipopewa tuzo ya Nobel peke yake, naye ana umri wa miaka 81.

Wahamaji hao si haba: takriban asilimia 85 ya DNA ya muhindi ni wao, na kwa muda mrefu waliitwa takataka, jina ambalo naliona kuwa ni dhuluma. Katika Arabidopsis, kimmea cha jamaa ya haradali, zimo protini mbili, FHY3 na FAR1, zinazouwezesha mche mchanga kuitika mwanga mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa upeo wa macho yetu; na wataalamu wamedhihirisha kwamba nasaba yao ni kimeng'enya cha wahamaji wa ukoo wa Mutator. Kimeng'enya hicho kilikuwa na ustadi wa namna mbili, kushika DNA mahali maalumu na kuihamisha. Kwa kupita vizazi visivyo na idadi uwezo wa kuhamisha ukatoweka, ule wa kushika ukabaki, na mkono uliokuwa ukijitafutia makazi ukawa unaziamsha jeni za mwenyeji wake. Ndiko kulowea kwenyewe.

McClintock alifariki mwaka 1992. Miaka 13 baadaye ikatangazwa habari ya DAYSLEEPER, jeni ya Arabidopsis iliyozaliwa na ukoo ule ule wa vipande alivyovigundua yeye katika muhindi. Na mche ulioikosa jeni hiyo haukui ipasavyo.